Rangi ya Zimwi: Fasihi Simulizi na Uteuzi wa Rangi katika Usanifu wa Wahusika wa Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Mtambaji wa ngano anapotamka neno "zimwi" hana wajibu wa kulipaka rangi. Hadhira imekwisha kuitikia "Pakawa", na kila msikilizaji hulijenga zimwi lake kwa kadiri ya hofu yake mwenyewe. Mmoja huliona jeusi, mwingine huliona la kijivu, na wa tatu haoni rangi yoyote bali husikia kishindo cha miguu tu. Ngano imeishi hivyo kizazi baada ya kizazi bila mtambaji kuulizwa zimwi lake lilikuwa la rangi gani.

Msanifu wa mchezo wa video hana uhuru huo. Kiwambo hakipokei kiumbe kisicho na rangi. Zimwi likishaingia humo ni lazima liwe na ngozi, macho na kivuli, na rangi itakayochaguliwa na watu wachache katika chumba kimoja itaonwa na mamilioni ya wachezaji walio mbali na chimbuko la ngano yenyewe. Kilichokuwa wazi katika masimulizi hufungwa katika picha.

Mhadhara huu unachunguza kufungwa huko. Maswali yanayoongoza uchunguzi ni matatu. Kwanza, rangi ya mhusika hufanya kazi gani katika mchezo? Pili, lugha na fasihi simulizi ya jamii huchangia nini katika kuipa rangi hiyo maana? Tatu, taaluma ya Kiswahili ina dhima gani katika jambo hili? Mifano mikuu imechukuliwa kutoka Japani, Alaska na katika mchezo mmoja unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba rangi ya mhusika haina maana ikiwa peke yake. Hupata maana kwa namna ileile ambayo neno hupata maana: kwa kutofautiana na mengine, na kwa kutumika katika muktadha.

2.0 Rangi kama kipashio bainifu

Wanaisimu wanafahamu kwamba sauti /p/ na /b/ hazina maana zikiwa peke yake. Hata hivyo, "pata" na "bata" ni maneno mawili kwa sababu ya tofauti hiyo moja. Rangi katika michezo ya video ilianza na kazi ya namna hii kabla haijabebeshwa visasili.

Mchezo wa Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980, unatoa ushahidi mzuri. Ndani yake mna mizuka minne yenye umbo moja. Kinachoitofautisha ni rangi: mmoja ni mwekundu, wa pili wa waridi, wa tatu wa samawati, wa nne wa machungwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kila mzuka una tabia yake. Mwekundu humfukuza mchezaji moja kwa moja, ilhali yule wa waridi hulenga mahali palipo mbele yake ili amzibie njia. Mchezaji asiyesoma rangi hawezi kusoma tabia. Kisha Pac-Man akila kidonge kikubwa, mizuka yote minne hugeuka buluu na kuwa mawindo. Tofauti zote hufutika kwa muda, kama vile tofauti baina ya sauti mbili inavyoweza kufutika katika mazingira fulani ya utamkaji.

Mwaka uliofuata, 1981, kampuni ya Nintendo ilitoa Donkey Kong, na humo ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza mhusika aliyekuja kujulikana kwa jina la Mario. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alikuwa na nukta chache mno za kuchorea. Kofia iliondoa tatizo la kuchora nywele, masharubu yalilidhihirisha pua, na vazi la rangi mbili tofauti liliwezesha mikono ionekane ikisogea mbele ya kiwiliwili. Mavazi yanayotambulika leo duniani kote yalizaliwa na uhaba wa nukta. Funzo lililomo ni kwamba mtafiti asikimbilie ishara na visasili kabla ya kuuliza iwapo rangi iliwekwa ili jicho liweze kuona tu.

3.0 Rangi katika Kiswahili na katika Kijapani

Hata hivyo, jicho halioni bila lugha kuwa karibu. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi ambayo ni ya asili na inayopokea upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa mtu mweupe, kiti cheupe, jiwe jeupe, nyumba nyeupe. Rangi nyingine huazima jina kutoka katika vitu na hazibadiliki kwa ngeli. Kijani imetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, manjano na bizari ya jina hilohilo, zambarau na tunda lake. Samawati na buluu zimetoka nje ya lugha za Kibantu. Tena, vielezi vya mkazo vilivyo mashuhuri vimeambatana na mizizi mitatu ileile: nyeupe pee, nyeusi tii, nyekundu ndu. Mzungumzaji hana kielezi cha jadi cha namna hiyo cha kuikolezea samawati.

Kijapani kina muundo unaokaribiana na huo kwa namna ya kustaajabisha, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu. Vivumishi vyake vya kale vya rangi ni vinne: shiroi (nyeupe), kuroi (nyeusi), akai (nyekundu) na aoi. Rangi nyingi nyingine huundwa kwa jina la kitu na neno iro, yaani "rangi". Rangi ya kahawia katika Kijapani ni "rangi ya chai". Kijivu ni "rangi ya jivu". Waridi ni "rangi ya pichi". Mswahili alitazama kikombe chake cha kahawa na Mjapani akatazama kikombe chake cha chai, na wote wawili wakapata jina la rangi ileile. Ama aoi, hiyo hubeba buluu pamoja na sehemu ya kijani: taa ya barabarani inayoruhusu magari kupita, ambayo Mswahili huiita ya kijani, Mjapani huiita ao.

Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walilinganisha lugha 98 na kudai kwamba majina ya msingi ya rangi huongezeka katika lugha kwa mpangilio maalumu, ukianza na nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu. Kiswahili na Kijapani zote mbili zilikuwemo katika lugha 20 ambazo wazungumzaji wake walihojiwa. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, hasa kwa kuwa ilipima lugha zote kwa vibao vya rangi vilivyoondolewa katika matumizi ya maisha. Lakini utatu wa nyeupe, nyeusi na nyekundu umethibitika pia kwa njia nyingine. Mwanaanthropolojia Victor Turner, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 kuhusu Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia, alionyesha jinsi rangi hizo tatu zinavyotawala miviga yao. Nyekundu, kwa mfano, ni damu. Na damu ni ya uzazi, ya uwindaji na ya mauaji. Rangi moja hubeba heri na shari kwa pamoja, na muktadha wa mviga ndio unaoamua ni ipi kati ya hizo inayosemwa.

4.0 Okami: rangi inayoonwa na wachache

Mchezo wa Okami, ulioongozwa na Hideki Kamiya katika studio ya Clover na kutolewa na kampuni ya Capcom mwaka 2006, unafaa kuchunguzwa kwa undani. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Likiandikwa kwa herufi moja ni "mbwamwitu". Likiandikwa kwa herufi nyingine ni "mungu mkuu". Mhusika mkuu ni vyote viwili: ni Amaterasu, mungu jua wa visasili vya Kijapani, aliyekuja duniani katika umbo la mbwamwitu mweupe. Neno kami, kwa herufi nyingine tena, ni "karatasi", na mchezo mzima umechorwa kwa mtindo wa brashi na wino kana kwamba unatendeka juu ya karatasi. Watunzi walianza na picha za kuiga uhalisia, wakauacha mtindo huo. Uwezo mdogo wa mashine ya wakati ule ulichangia uamuzi huo, kama ilivyokuwa kwa masharubu ya Mario.

Manyoya ya Amaterasu ni meupe pee, na juu yake imepitishwa mistari myekundu usoni na mwilini. Mtazamaji wa Kijapani hahitaji kufafanuliwa mistari hiyo. Katika tamthilia ya kabuki waigizaji hupakwa usoni mistari iitwayo kumadori, na rangi yake ni tangazo la tabia: nyekundu humtambulisha shujaa mwenye haki na nguvu, nili humtambulisha mwovu au mzuka, na hudhurungi humtambulisha kiumbe asiye binadamu. Nyekundu ndiyo rangi ya malango mengi ya mahekalu ya Shinto pia. Weupe nao una pande mbili. Ni usafi wa kiibada, lakini marehemu wa Kijapani huvishwa nguo nyeupe kwa safari yake ya mwisho, na mizuka ya masimulizi yao huonekana katika vazi hilohilo. Msomaji wa Kiswahili, aijuaye sanda, haoni ugeni katika hilo.

Jambo linalomvutia zaidi mwanaisimu ni kwamba mistari hiyo myekundu haionwi na kila mtu. Ndani ya hadithi, wanakijiji wa kawaida humwona mbwamwitu mweupe tu. Mchezaji, pamoja na wahusika wachache wenye imani, ndio wanaoiona mistari. Zaidi ya hayo, wino wa mungu ukiisha, mistari hupotea, na Amaterasu hubaki mnyama wa kawaida mpaka nguvu zirudi. Kwa hiyo nyekundu hapa hufanya kazi inayokaribiana na ile ya mofimu: ikiwepo, kiumbe ni mungu, ikitoweka, mwili ni uleule lakini hadhi imebadilika. Methali isemayo "mwenye macho haambiwi tazama" inapata changamoto katika mchezo huu, kwa kuwa wenye macho ni wengi na waonao ni wachache.

Nyeusi nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Adui wa Amaterasu ni kiza, na nchi iliyolaaniwa huonyeshwa ikiwa imenyauka. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba katika mchezo huu nyeusi ni uovu. Lakini silaha kuu ya mungu ni wino, nao ni mweusi tii. Kwa wino huo huchora duara angani na jua hutokea. Huchora duara kuuzunguka mti mkavu na mti huchanua. Weusi uleule unaoua ndio unaoumba. Mkulima wa Kiafrika aliyewahi kulitazama wingu jeusi baada ya miezi ya ukame analielewa jambo hili bila mhadhara.

Visasili vyenyewe havikukosa rangi kabisa. Kojiki, kitabu cha mwaka 712 kilichokusanya masimulizi ya kale ya Kijapani, kinamweleza joka mwenye vichwa vinane, ambaye pia yumo katika Okami, kuwa na macho mekundu kama tunda fulani la mwituni, mwili ulioota kuvu na miti, na tumbo lenye damu daima. Ni rangi chache, lakini zimewekwa pale penye hofu. Mtambaji stadi hutumia rangi kama mpishi atumiavyo pilipili. Msanifu, ambaye lazima apake kila kitu, hujitahidi kulipata tena tone hilo moja la ukali katikati ya wingi.

5.0 Kijani cha kaskazini

Mwaka 2014 ulitolewa mchezo uitwao Never Alone, au Kisima Ingitchuna kwa lugha ya Kiiñupiaq, ulioandaliwa kwa ushirikiano na wazee na watambaji wa jamii ya Wainupiati wa Alaska. Masimulizi yake yanasikika kwa Kiiñupiaq. Wahusika wakuu ni msichana Nuna na mbweha mweupe, katika nchi ambamo karibu kila kitu ni cheupe. Mandhari ya namna hiyo humfundisha msanifu kuiheshimu rangi, kwa kuwa tone lolote lisilo jeupe huita jicho.

Tone hilo ni kijani. Katika masimulizi ya Wainupiati, mianga ya kaskazini inayocheza angani usiku ni roho za watoto waliofariki, na mtoto asiyefunika kichwa huonywa kwamba zitamchukua. Katika mchezo, roho hizo zinang'aa kwa kijani na huua. Kwa Mswahili, ambaye neno lake la kijani limezaliwa na jani, rangi hiyo huelekea kwenye mvua, shamba na rutuba. Kwa Minupiati aliye juu ya barafu, kijani kilicho angani hakina jani ndani yake. Rangi ni ileile kwa kipimo cha maabara, lakini asili yake katika maisha ya watu ni tofauti, na kwa hiyo maana yake ni tofauti. Wasanifu walioketi na wazee waliujua ukweli huo. Wangetumia jedwali la maana za rangi lililotungwa kwingine, wangeupoteza.

6.0 Zau, vinyago viwili na Kiswahili

Tarehe 23 Aprili 2024 ulitolewa mchezo wa Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya studio ya Surgent ya Uingereza iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Salim aliutunga akiomboleza kifo cha baba yake. Shujaa, Zau, ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho kuu tatu, naye arudishiwe baba. Mwaka 2025 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA kwa michezo inayovuka mipaka ya burudani. Lililo muhimu zaidi kwa mhadhara huu ni kwamba mchezaji anaweza kuusikiliza mchezo kwa sauti za Kiswahili.

Zau ana vinyago viwili alivyorithi: cha jua na cha mwezi. Akivaa cha jua hupigana kwa karibu kwa moto, na rangi hutawaliwa na nyekundu na machungwa. Akivaa cha mwezi hushambulia kwa mbali, na rangi hugeuka buluu. Kwa upande wa kazi, uteuzi huu ni wa busara. Tofauti ya nyekundu na buluu husomeka haraka, tena husomeka hata kwa wengi wasioweza kupambanua nyekundu na kijani, kasoro ya macho inayompata takribani mwanamume 1 kati ya 12 miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Hapa mantiki ya Pac-Man ingali hai.

Kwa upande wa fasihi simulizi, hata hivyo, vinyago hivi havina uzito sawa. Nyekundu ya jua na moto imo katika utatu wa kale wa lugha za Kibantu. Buluu ya mwezi haimo. Katika usemi wa Kiswahili mwezi ni mweupe, na mbalamwezi husifiwa kwa weupe wake. Buluu ya usiku ni desturi ya sinema: tangu enzi za filamu zisizo na sauti, mandhari ya usiku yalitiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue jua limekuchwa. Kwa hiyo kinyago kimoja kinazungumza kwa lahaja ya kisasili, na kingine kwa lahaja ya kamera. Hilo si kosa. Kila sanaa huchanganya misimbo, kama Kiswahili chenyewe kilivyochanganya -ekundu na samawati. Lakini mwanafunzi atakayeandika kwamba buluu ya mwezi ni "ishara ya Kibantu" atakuwa amepotoka.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa majina. Kalunga ni jina linalofahamika katika jamii kadhaa za Kibantu za Angola na Kongo, na kwa Wakongo huhusishwa na mpaka wa maji baina ya walio hai na wafu. Nchi ya wafu hao, kwa mapokeo yao, ni ya weupe wa udongo wa kaolini. Impundulu, ndege wa radi, ametoka kwa Wazulu na Waxhosa. Lakini GaGorib ametoka katika masimulizi ya Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu, na Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi. Mtunzi ana haki ya kukusanya kuni kutoka misitu mingi ili akoke moto mmoja. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kukumbuka kila ukuni ulitoka msitu gani.

Tafsiri ya Kiswahili huleta suala la mwisho. Katika Kiingereza, giza na weusi vimezoeleka mno kuwa lugha ya uovu, na wasanifu wengi wamevaa mazoea hayo bila kujua. Mtafsiri anayeyahamisha neno kwa neno huingiza katika Kiswahili mlingano ambao lugha hii haikuukubali kwa ukamilifu. Kiswahili kina "moyo mweupe" kwa usafi wa nia, ni kweli. Lakini kina pia wingu jeusi la neema, kina sanda nyeupe, na kwa ngozi ya mtu kina "maji ya kunde", istilahi isiyotokana na nyeusi wala nyeupe bali na chungu kilichoko jikoni. Mtoto anayecheza mchezo kwa lugha yake, na kumwona shujaa anayefanana naye, husikia pia jinsi rangi yake inavyotajwa. Hapo uteuzi wa kivumishi si pambo tena.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yamebainika. Rangi ya mhusika kwanza hutofautisha, kisha huashiria, na ishara hiyo husomwa kwa kamusi ya jamii fulani. Rangi moja huweza kubeba maana zinazopingana, kama wino wa Amaterasu na damu ya Wandembu. Na pale ngano inapohamia kiwamboni, pengo ambalo mtambaji aliliacha wazi huzibwa na yeyote aliyeshika brashi.

Kutokana na hayo, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mahususi ya kufanya. Ngano nyingi zimekusanywa kwa kuandika matukio na nyimbo zake, lakini ni mara chache mkusanyaji alimwuliza msikilizaji aliona rangi gani aliposikia neno zimwi, jini au mzimu. Swali hilo ni jepesi kuuliza, na majibu yake yatatofautiana baina ya Lamu, Unguja, Tabora na Lubumbashi. Yakiandikwa pamoja na muktadha wake, mbunifu wa kesho atakuwa na mahali pa kuanzia mbali na jedwali la rangi la kigeni.

Wahenga walisema "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Mkakasi huvutia kwa rangi zake, na methali humtaka mtazamaji aulize kilichomo. Mhusika aliyepakwa rangi bila lugha na masimulizi nyuma yake ni mkakasi wa namna hiyo. Amaterasu si mkakasi, kwa kuwa mistari yake ikifutika kila mchezaji hujua nini kimepotea.